Kutumia rauta ya zamani kufikisha waifai chumba cha nyuma

Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, lakini katika nyumba nyingi za mjini waifai haivuki ukuta wa pili. Tatizo ni ukuta wenyewe. Nyumba kongwe za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mmoja unakaribia nusu mita, na jiwe hilo hunyonya unyevu. Maji nayo humeza mawimbi ya redio. Rauta ikiwekwa mbele karibu na baraza, chumba cha mwisho kabla ya ua hupata mstari mmoja, au kisipate kitu.

Rauta ya zamani iliyolala kabatini inaweza kuziba pengo hilo, na njia bora ni kuilisha kwa waya. Kurudia mawimbi hewani ni njia ya dharura, tutaifikia baadaye. Hapa chini, rauta iliyoletwa na kampuni ya intaneti tunaiita rauta mama.

Anza na umeme

Rauta inayojizima na kujiwasha, au iliyowasha taa zote lakini jina la waifai halionekani, mara nyingi haijafa. Adapta ndiyo imechoka. Soma kibandiko kilicho chini ya rauta: TP-Link TL-WR740N, kwa mfano, hutaka volti 9 na ampea 0.6, na Linksys WRT54G za matoleo mengi hutaka volti 12. Volti zilingane kabisa. Ampea za adapta zikizidi si neno, zikipungua ndipo matatizo huanza. Tazama pia mchoro wa ncha, uone kama chanya iko katikati.

Usiiamini mita ya kupimia volti peke yake. Adapta mbovu ikipimwa ikiwa haijachomekwa kwenye rauta huonyesha volti 9 safi, kisha huporomoka redio ya waifai iliyo ndani ya rauta inapoanza kuvuta umeme. Kipimo cha kweli ni kujaribu adapta nyingine ya namba zilezile. Hali ikiwa ileile, fungua rauta utazame kapasita, vile vijikopo vinavyohifadhi umeme: iliyovimba kichwa au kuvuja ibadilishwe kwa nyingine ya maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi. Adapta yenyewe usiifungue. Kapasita yake kubwa hubaki na umeme hata ikishachomolewa.

Halafu kuna chumvi. Hewa ya pwani hula shaba, na rauta iliyokaa dirishani miaka mitatu huwa na ukijani kwenye vijiwaya vinane vya tundu la waya. Kijiwaya kimoja kikikosa kugusa vizuri, mtandao unakatikakatika nawe ukalaumu mipangilio. Chomoa umeme, safisha kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, iache ikauke kabisa. Petroli hapana, huyeyusha plastiki. Kama antena zinafunguka, kama zile za WRT54G, zifungue usafishe shingo zake pia.

Mipangilio

1. Rauta ikiwa imewashwa, bonyeza kitufe cha Reset kwa sindano, sekunde 10 au hadi taa zimetemete. Subiri dakika mbili.

2. Unganisha kompyuta kwa waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani) la rauta ya zamani. Zima waifai ya kompyuta. Rauta mama isiunganishwe bado.

3. Kwenye simu iliyo katika waifai ya nyumbani, soma anwani ya "Gateway", yaani ya rauta mama. Tuseme ni 192.168.100.1. Kwenye kivinjari cha kompyuta fungua ukurasa wa mipangilio wa rauta ya zamani, kwa anwani iliyo kwenye kibandiko chake, uipe anwani ya familia hiyohiyo, mfano 192.168.100.2. Kabla ya hapo hakikisha rauta mama haigawi namba hiyo kwa simu. Kama mgao wake unaanzia 2, usogeze uanzie 20. Ukihifadhi utatolewa nje. Ingia tena kwa anwani mpya.

4. Waifai: jina na neno la siri sawa na la rauta mama, ulinzi WPA2 na AES. Ukichagua TKIP, rauta ya kizazi cha N hushuka hadi megabiti 54 kwa sekunde, kwa kuwa kiwango hicho hakiruhusu kasi kubwa zaidi na ulinzi wa kizamani. Chaneli: kama mama iko 1, hii iwe 6 au 11. Upana wa chaneli MHz 20.

5. Zima DHCP, huduma inayogawa anwani kwa simu na kompyuta, ili kazi hiyo ibaki kwa rauta mama. Hii iwe hatua ya mwisho, maana ukiizima mapema kompyuta inaweza kukosa anwani ukashindwa kurudi. Ikitokea, iandikie kompyuta anwani kwa mkono, kama 192.168.100.50.

6. Waya utoke LAN ya rauta mama uingie LAN ya rauta ya zamani. Tundu la WAN (la kupokea intaneti), ambalo kwa kawaida lina rangi yake, liache wazi. Kosa hili ndilo linalowakwamisha wengi.

Waya wa Cat5e unafika mita 100. Nunua wa shaba tupu. Wa alumini iliyopakwa shaba hukatika kwenye kona na huoza upesi pwani. Ukibana plagi mwenyewe, ncha zote mbili zifuate mpango mmoja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Sehemu ya nje iwe na ganda jeusi la kuhimili jua. Usiufunge pamoja na waya wa umeme.

Kama waya hauwezekani

TL-WR840N za matoleo ya karibuni zina hali ya kurudia mawimbi. TL-WR740N hutumia WDS, njia ya kuunganisha rauta mbili hewani. Kwa WDS, rauta zote mbili ziwe chaneli moja iliyoandikwa kwa mkono. Mama ikiachwa ijichagulie, siku itakapohama chaneli kila kitu kitakatika. Rauta za kampuni tofauti mara nyingi hazielewani kwa WDS. Kasi nayo hupungua karibu nusu, kwa sababu redio moja inapokea na kutuma kwa zamu. Iweke pale simu inaposoma kati ya -60 na -67 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo yalivyo na nguvu). Ukiiweka chumbani kwenye -80 itarudia udhaifu uleule.

Maswali ya wasomaji, kila mmoja kwa mtaa wake

*Likoni:* Shukran kwa somo. Simu inasema imeunganishwa ila hakuna intaneti. Nikikaa mbele inafanya kazi.

*Jibu:* Ndugu yangu, DHCP ya rauta ya zamani bado inagawa namba. Ukiwa nyuma, soma "Gateway" kwenye simu. Ikiwa ni anwani ya rauta ya zamani, rudi hatua ya 5, kisha sahau mtandao kwenye simu na uunganishe upya.

*Mji wa Kale:* Mwalimu, nikiingia chumbani simu inang'ang'ania rauta ya mbele mpaka nizime waifai na kuiwasha.

*Jibu:* Simu ndiyo inayoamua lini ihame. Punguza nguvu ya kutuma ya rauta mama, ikiwa ina chaguo hilo, simu iione dhaifu mapema. Likishindikana, ipe ya nyuma jina lake na uchague mwenyewe.

*Tudor:* Na kama kampuni imefunga mipangilio ya rauta mama?

*Jibu:* Si lazima uiguse, dada. Chagua namba ya mwishoni, kama 192.168.100.250, na kwanza uipime kwa amri ya ping (inayobisha hodi kwenye anwani) uone kama kuna kifaa kinachojibu. Baadhi ya rauta hugawa namba kuanzia mwanzo, hivyo migongano ya huko mwishoni hupungua.

*Kisauni:* Nataka kuvuka ua hadi nyumba ya nyuma, mita 30. Mvua za masika hazitaharibu?

*Jibu:* Pitisha waya ndani ya bomba la plastiki, na mahali unapoingia ndani uache uning'inie chini kidogo ili maji yadondoke yasifuate waya. Hatari kubwa ni radi. Mawingu yakikusanyika chomoa waya pande zote mbili, pamoja na adapta.

*Changamwe:* Rauta yangu haijapata programu mpya miaka mingi. Kuna hatari?

*Jibu:* Ipo, ingawa ikikaa nyuma ya rauta mama inapungua. Weka toleo la mwisho linalopatikana kwa namba kamili ya modeli yako, pamoja na ile "V" iliyo kwenye kibandiko. Programu ya V4 ikitiwa kwenye V1 inaweza kuiua rauta. Kisha zima WPS (kuunganisha kwa kitufe au PIN) na ubadilishe neno la siri la msimamizi. Kama rauta inajua WEP tu, ulinzi wa kizamani unaovunjwa kwa urahisi, usiitumie kwa waifai.