SOMO: Ndugu yako kadakwa Marekani? Namna ya kumtafuta kwenye rekodi za jela ya kaunti bila kutoa hata senti

Wakuu habari za muda huu. Nimechoka kupigiwa simu saa nane usiku, mara mtu yuko Temeke anamtafuta mdogo wake aliyeko Houston, mara mama yuko Mombasa mtoto hashiki simu tangu Ijumaa, nikaona bora niandike mara moja yaishe. Mimi sio wakili, nabeba boksi kama nyinyi, ila watu niliowatafuta mpaka nikawapata ni wengi.

Kabla ya yote elewa kitu kimoja. Huku kuna "jail" na kuna "prison", sisi zote tunaita jela na hapo ndio watu wanapotea. Jail ni ya kaunti (kaunti ni kama wilaya ndani ya jimbo), ni kama rumande yetu, anayeisimamia sehemu nyingi ni sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na humo kuna waliokamatwa jana wanasubiri mahakama pamoja na wenye vifungo vifupi vifupi. Prison ni ya jimbo au ya serikali kuu, huko wanaenda walioshahukumiwa. Kwa hiyo mtu kakamatwa juzi usihangaike na mtandao wa magereza ya jimbo, sehemu nyingi hayupo huko.

HATUA YA 1: Jua kaunti, sio mji

Hapa ndio nilipopigwa mimi mwenyewe. Binamu yangu alidakwa maeneo ya Katy, mimi kichwani najua Katy ni Houston na Houston ni Harris County, basi nikakesha kwenye orodha ya Harris siku mbili nzima naandika jina lake kwa kila namna, kumbe Katy imekaa kwenye kaunti tatu, Harris, Fort Bend na Waller, na jamaa muda wote huo kalala Fort Bend. Aurora ya Colorado ni hivyo hivyo, Kansas City hivyo hivyo. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, Texas peke yake inazo 254 (Wakenya hapo nawaona mnacheka).

Kinachoangaliwa ni pale ALIPOKAMATIWA, sio anapoishi. Muulize aliyekuwa naye walikuwa barabara gani, duka gani, halafu tafuta hiyo anwani iko kaunti ipi. Louisiana hawasemi kaunti wanasema "parish", kitu ni kile kile. Na kuna majimbo kama Connecticut, Rhode Island, Delaware na Vermont ambayo jela zote zinaendeshwa na jimbo, huko usitafute sherifu, nenda idara ya magereza ya jimbo moja kwa moja. New York City nayo ina idara yake yenyewe, ndio hao wenye jela ya Rikers.

HATUA YA 2: Ingia kwa sherifu mwenyewe

Andika jina la kaunti na jimbo halafu ongeza "sheriff inmate search" au "jail roster". Ukitaka walioingia karibuni tu andika "recent bookings", kaunti nyingi zinaweka orodha ya saa 24 au 72 zilizopita.

Sasa angalieni hapa, matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya kampuni binafsi. Zinakuzungusha, "tunatafuta... tumepata rekodi 3...", kamstari kanajaa taratibu ili uone kazi inafanyika, mwisho wanataka kadi ya benki. Mimi nilishalipa moja, nikaletewa anwani ya zamani ya mtu mwingine kabisa na mwezi uliofuata wakakata tena. Orodha ya sherifu ni BURE. Site za masherifu sio zote zinaishia na .gov, kwa hiyo njia salama ni kuanza na site ya kaunti yenyewe halafu ufuate linki ya sherifu kutokea humo.

HATUA YA 3: Jina, majina yetu ni shida

Polisi anaandika alichokiona kwenye kitambulisho. Mtu anaitwa Abubakari Juma Hamisi, anaweza kuwekwa Hamisi, anaweza kuwekwa Juma, na Abubakari ikaandikwa na k mbili au bila i. Weka herufi tatu nne tu za mwanzo za jina la ukoo uache jina la kwanza wazi, kompyuta nyingi zitakuletea wote wanaoanzia hapo. Geuza la kwanza liwe la mwisho. Wenye jina moja tu kwenye pasi, visa yao inaandikwa FNU ("First Name Unknown", jina la kwanza halijulikani) pale kwenye jina la kwanza, basi na jela wanaweza kumwandika FNU hivyo hivyo, nimeshakutana nayo.

Ukiwa na tarehe ya kuzaliwa ni vizuri zaidi, ila kwa waliokuja kwa ukimbizi kumbukeni wengi waliandikiwa 1 Januari, tumia hiyo ya kwenye makaratasi, sio ile ya keki.

HATUA YA 4: Soma ulichokiona

Ukimpata utaona namba ya kuingizwa jela, iandike mahali kwa sababu kila utakayempigia ataiuliza. Kuna tarehe na saa ya kuingia, nani kamkamata, makosa anayotuhumiwa, kiasi cha dhamana, na pengine tarehe ya mahakama. "No bond" maana yake kwa sasa hana dhamana, labda hajafika mbele ya hakimu. "Hold" maana yake kuna mwingine anamtaka, inaweza kuwa kaunti nyingine au uhamiaji. Ukiona "ICE" hapo, ndio hao watu wa uhamiaji, usikimbilie kulipa dhamana, ongea na wakili wa uhamiaji kwanza, maana unaweza kulipa hela yako wakamtoa mlango huu wakamkabidhi mlango ule.

Na jamani kukamatwa sio kupatikana na hatia. Msichukue ile picha mkarusha kwenye group la WhatsApp la harusi.

HATUA YA 5: Hayupo?

Kutomuona haina maana kaachiwa. Kuna kupigwa picha, alama za vidole, kukaguliwa afya, kuandikwa mali zake, hayo yote yanakula masaa na jina halitokei mpaka wamalize. Subiri, jaribu tena. Pengine yuko sero ya polisi wa mji, hajapelekwa kaunti. Piga simu ya jela yenyewe, SIO 911, sema unataka "inmate information", wape jina na tarehe ya kuzaliwa. Kiingereza kikigoma sema "Swahili interpreter", usione aibu.

Bado? Jaribu VINELink, huduma ya bure iliyoanzia Kentucky mwaka 1994 kwa ajili ya wahanga wa uhalifu, sasa iko majimbo mengi na unaweza kujiandikisha ikutumie ujumbe mtu akihamishwa au akitoka. Kama ni uhamiaji nenda locator.ice.gov, utahitaji namba yake ya uhamiaji inayoanza na A yenye tarakimu tisa pamoja na nchi aliyozaliwa, au jina kamili na nchi aliyozaliwa, na jina lazima lifanane herufi kwa herufi. Kesi za serikali kuu kuna bop.gov, site ya magereza ya serikali kuu.

Aliyeshatoka jina lake mara nyingi linafutwa kwenye orodha ya jela. Hapo kesi unaitafuta kwa karani wa mahakama wa kaunti hiyo, wengi wana sehemu ya kutafuta kwa jina.

Karibuni maswali.

---

Mama Neema: Asante sana kaka. Mimi nimepigiwa simu na mtu anasema ni wa ofisi ya sherifu, mwanangu yupo ndani nitume dola 1,500 kwa Zelle ndani ya saa moja atolewe. Nitume?

Jibu: USITUME dada angu! Sherifu hapigi simu kudai hela za Zelle wala gift card. Kata simu, mpigie mwanao, halafu fuata hatua ya 1 mpaka ya 3. Matapeli wanasoma orodha hizo hizo za jela kwa hiyo wanaweza wakakutajia jina na kosa kweli, isikutishe.

Yaya wa Boise: Jambo ndugu. Mtoto ya dada yangu walimukamata ijumaa, natafuta jina yake siione. Kwenye karatasi ya ukimbizi iko namna moja, kwenye permi ya kuendesha gari iko namna ingine. Tena ana miaka 16.

Jibu: Pole sana yaya. Hiyo 16 ndio jibu, watoto chini ya miaka 18 kwa kawaida hawawekwi kwenye orodha ya wazi. Mzazi apige mwenyewe "juvenile detention" ya kaunti, wataongea na mzazi au mlezi tu, wewe mjomba wanaweza wakakukatalia. Wataje majina yote mawili.

Kibe wa Dallas: Boss, naweza kutumia hii kumcheki mtu anataka kupanga chumba kwangu?

Jibu: Kuangalia unaweza, ni rekodi ya umma. Ila kumnyima mtu nyumba au kazi kwa ripoti za hizo site za mitaani kuna sheria, inaitwa FCRA, inataka ripoti kutoka kampuni inayoifuata na mhusika awe na taarifa. Usijiingize kwenye kesi kwa ajili ya chumba kimoja.

Mzee wa Tabata: Mkuu mimi niko Dar, mtoto kakamatwa huko na ana pasi ya Tanzania. Ubalozi unaweza kusaidia?

Jibu: Shikamoo mzee. Ndiyo. Chini ya mkataba wa Vienna wa 1963 kila mgeni aliyekamatwa ana haki ubalozi wake uambiwe, na Tanzania iko kwenye zile nchi ambazo Marekani inalazimika kuujulisha ubalozi hata kama mtoto hajaomba. Kenya haimo kwenye orodha hiyo, Mkenya inabidi aombe mwenyewe. Ubalozi hautamlipia wakili, ila unaweza kuuliza yuko wapi na hali yake. Wapigie wa Washington ukiwa na ile namba ya jela mkononi.

Mama Neema: Kaka nimempata! Kweli yupo ndani ila ni kaunti nyingine kabisa na dhamana ni dola 500 tu. Sasa anataka kunipigia anieleze ilivyokuwa.

Jibu: Afadhali. Muulize kala nini, ana dawa zake, anahitaji nani ajulishwe kazini. Ilivyokuwa asikueleze, simu za jela zinarekodiwa na mwendesha mashtaka anaweza kuzisikiliza. Na hiyo 500 kalipe dirishani jela kwenyewe au kwa linki ya site ya sherifu, ukate risiti yenye jina lako.