Karo za mshazari jikoni: msianze na ukuta

Mkitaka karo (vigae vya sakafu) za mshazari jikoni, msimwache fundi aanzie ukutani. Kwa nyumba zetu za Goma, kona iliyonyooka ni bahati. Tafuta katikati ya chumba, piga kamba mbili za chaki zikatane. Toka hapo pima sentimita 60 kwenye moja, 80 kwenye nyingine. Kati ya alama hizo iwe 100 kamili. Ikitoka 101, sogeza kamba. Kisha pima mita 1 pande zote nne na uunganishe alama: huo ndio mshazari wako.

Karo ya 40 kwa 40 ina karibu sentimita 56.5 kona hadi kona, kwa hiyo hesabu safu kwa 56.5. Zipange kavu kwanza, bila saruji, mpaka mlangoni. Kama zina maua, hapo ndipo utaona ua limekatwa kichwa pale pale watu wanapoingilia. Sogeza katikati yako kidogo.

Mikato ni mingi, ongeza asilimia 15, na katoni zote zichukuliwe siku moja, rangi isije ikatofautiana. Mimi niliongeza 10 tu. Chini ya friji yangu kuna karo tatu za rangi ya shemeji: karibu ndugu, lakini si ndugu.