Ukikuta jiwe la kaburi la zamani kwenye parseli, Lubumbashi

Jembe likigonga jiwe lenye maandishi unapochimba fondasio, simamisha kazi. Usiling'oe, huenda mwenyewe bado amelala chini yake. Mwite kwanza chefu wa kartie (kiongozi wa mtaa).

Udongo mwekundu utoe kwa maji matupu na brashi laini, ukianzia chini kwenda juu, ili maji machafu yasiache michirizi. Brashi ya waya inakula herufi. Javeli, dawa ya kung'arisha nguo, inaacha chumvi ndani ya jiwe, nalo linamomonyoka polepole. Maandishi yakifichika, shika kioo pembeni, mwanga wa jua upite ubavuni mwa jiwe: hata «né» (alizaliwa) na «décédé» (alifariki) zilizofifia zitaonekana. Piga picha hapo hapo. Ukisoma Élisabethville, hilo ndilo jina la mji wetu hadi 1966.