Matokeo ya IELTS Yasiyoridhisha: Namna ya Kuamua Kama Uombe Kusahihishwa Upya

Kwa muuguzi wa Nairobi anayetaka kusajiliwa Uingereza, au mhitimu wa Dar es Salaam aliyepewa nafasi ya shahada ya uzamili kwa sharti la lugha, nusu bendi, yaani nusu alama, ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS inatosha kuahirisha safari kwa mwaka mzima. Wamiliki wa mtihani huo, ambao ni British Council, IDP na Cambridge, wameweka utaratibu unaomruhusu mtahiniwa kuomba matokeo yake yapitiwe upya, nao hujulikana vituoni kwa kifupisho chake, EOR (Enquiry on Results). Ombi linapaswa kuwasilishwa ndani ya wiki 6 tangu tarehe ya mtihani, lina ada yake, na ada hiyo hurudishwa iwapo bendi itabadilika. Wengi hulipa wakiwa bado na uchungu wa siku ya kwanza, wakiamini kwamba mtu aliyesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hawezi kupata 6.0 bila kuonewa. Uchungu huo ni halali, lakini hausaidii kuamua. Yanayoamua ni alama ipi hasa iliyokukwamisha, ilisahihishwa kwa njia gani, na muda uliobaki unakuruhusu kufanya nini.

Anza na masharti ya yule anayekudai alama, kwa sababu watu wengi hukasirikia alama ambayo haikuwazuia. Soma barua ya chuo au ukurasa wa baraza la taaluma neno kwa neno, kisha andika kwenye karatasi alama inayotakiwa kwa kila ustadi na alama ya jumla inayotakiwa. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, NMC, kwa mfano, linataka 7.0 ya jumla, na 7.0 katika Kusikiliza, Kusoma na Kuzungumza, ilhali katika Kuandika linaridhika na 6.5. Muuguzi aliyepata 6.5 ya Kuandika, akailalamikia kwa wiki nzima, hana shida yoyote na ustadi huo. Kama amekwama, amekwama kwingine. Uhamiaji wa Kanada kupitia Express Entry nao hautazami alama ya jumla, bali kila ustadi peke yake, na anayetafuta kiwango cha CLB 9, katika kipimo cha lugha cha Kanada, hupaswa kuwa na 8.0 ya Kusikiliza na 7.0 katika kila ustadi kati ya mitatu iliyobaki.

Kama kinachotakiwa ni alama ya jumla, fanya hesabu kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Alama ya jumla ni wastani wa stadi nne, na wastani huo husogezwa hadi nusu iliyo karibu: ukiishia kwenye 0.25 hupandishwa hadi nusu inayofuata, ukiishia kwenye 0.75 hupandishwa hadi namba nzima. Chukua mtahiniwa mwenye 6.5 ya Kusikiliza, 6.5 ya Kusoma, 5.5 ya Kuandika na 6.0 ya Kuzungumza. Jumla yake ni 24.5, wastani ni 6.125, na cheti kitaandikwa 6.0. Kuandika kukipanda hadi 6.0 tu, wastani unakuwa 6.25 na alama ya jumla inaruka hadi 6.5. Huyu ana sababu nzuri ya kufikiria EOR. Sasa mchukue mwenzake mwenye 6.5, 6.0, 5.5 na 5.5. Jumla ni 23.5, wastani 5.875, na cheti chake pia kinasema 6.0. Nusu bendi ikiongezwa kwenye Kuandika, wastani unafika 6.0 kamili na cheti hakibadiliki hata kidogo. Ili afikie 6.5 anahitaji bendi moja na nusu zaidi kutoka mahali fulani, jambo ambalo hakuna msahihishaji atakayempa kwa kupitia karatasi mara ya pili. Watu hawa wawili wana alama moja ya jumla na huenda wana hasira moja, lakini wa pili akilipia EOR atakuwa ametupa fedha.

Jambo linalofuata ni namna alama hiyo ilivyopatikana, na hapa ndipo panapostahili kufikiriwa kwa utulivu zaidi. Kusikiliza na Kusoma kila kimoja kina maswali 40, na jibu ama ni sahihi ama si sahihi. Maswali 30 sahihi humpatia mtahiniwa wa Academic (mtihani wa wanaokwenda chuoni) takribani 7.0 katika stadi zote mbili, na 23 humpatia takribani 6.0, huku mtahiniwa wa General Training (mtihani unaotumika zaidi kwa uhamiaji) akihitaji takribani 34 ili apate 7.0 ya Kusoma. Aliyefanya mtihani kwa kompyuta hana mwandiko wa kugombewa. Aliyefanya kwa karatasi anaweza kudhani kwamba herufi yake ilisomwa vibaya, na hilo si jambo lisilowezekana, lakini sababu za kawaida za kupoteza alama hapo ni nyingine: tahajia isiyo sahihi, ambayo huhesabiwa kosa, na kuandika maneno matatu pale maelekezo yaliporuhusu mawili. Makosa hayo hayafutiki kwa kupitiwa upya. Kwa maoni yangu, mtu aliyekwama kwenye Kusikiliza au Kusoma pekee anapaswa kuiacha EOR na kuelekeza fedha zake kwenye mtihani mwingine, isipokuwa kama ana sababu mahususi kuhusu karatasi yake, na “nilihisi nimefanya vizuri” si sababu mahususi.

Kuandika na Kuzungumza ni habari tofauti, maana hapo kuna binadamu anayepima. Insha hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, yaani jinsi ulivyojibu swali, mpangilio na mshikamano wa hoja, msamiati, na sarufi. Mazungumzo hupimwa kwa ufasaha na mshikamano, msamiati, sarufi na matamshi. Mahojiano ya Kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14 na hurekodiwa, kwa hiyo msahihishaji mwingine anaweza kuyasikiliza baadaye bila wewe kuitwa tena. Watu wawili waliofunzwa vizuri wanaweza kutofautiana kwa nusu bendi juu ya insha iliyo mpakani kati ya 6.0 na 6.5 bila mmoja wao kuwa mzembe, na tofauti hiyo ndogo ndiyo EOR inayoweza kuirekebisha. Mwenye 5.0 anayehitaji 6.5 asiitegemee.

Hata ndani ya Kuandika, jihoji kwa ukweli kabla ya kulipa. Je, ulimaliza kazi ya pili? Kazi hiyo, ambayo inataka maneno yasiyopungua 250, ina uzito mara mbili ya kazi ya kwanza inayotaka maneno 150, na mtahiniwa aliyetumia dakika 35 kati ya 60 akipamba maelezo ya grafu tayari anajua alama zake zilikwendea wapi. Je, ulijibu swali lililoulizwa, au ulijibu swali linalofanana nalo ulilolifanyia mazoezi? Je, aya ya utangulizi ilikuwa yako au ilikaririwa kutoka kwenye video za intaneti? Wasahihishaji huyatambua maneno ya kukariri, na huyapuuza. Shule zetu nazo zimetuzoesha insha zinazofunguliwa kwa shangwe na kufungwa kwa methali, mtindo ambao mwalimu wa kidato cha nne huupenda lakini ambao kigezo cha kujibu swali hakiupi chochote. Mtahiniwa anayeweza kuijibu kila hoja kati ya hizi kwa moyo mweupe, na ambaye Kusikiliza na Kusoma kwake viko juu ya Kuandika kwa bendi moja au zaidi, ana kesi ya kusikilizwa. Aelewe hata hivyo kwamba pengo likiwa kubwa sana kati ya stadi, utaratibu wa mtihani wenyewe humfanya msahihishaji mwandamizi aipitie karatasi kabla matokeo hayajatoka, kwa hiyo si kila pengo la kushangaza ni dosari ambayo haijaonekana.

Msaada wa mwalimu una thamani hapa, mradi awe mwalimu anayevijua vigezo vya IELTS na asiwe na maslahi katika uamuzi wako. Siku ya matokeo, andika upya kwa kumbukumbu yale uliyoandika kwenye kazi ya pili, hata kama utakumbuka nusu yake, kisha mpe bila kumwambia ulipata ngapi. Akikupa 6.0 ile ile ambayo cheti kinakupa, umepata jibu bila kulipia EOR. Ndugu wanaosema “wewe Kiingereza chako ni kizuri, kata rufaa” wanakupenda, lakini hawajui nini kinapimwa.

Liko kundi moja linalochanganya mambo, nalo ni la waliopata tatizo siku yenyewe: vipokea sauti vilivyokwaruza, umeme uliokatika, kelele za ujenzi nje ya dirisha. EOR haishughulikii hayo. Anayesahihisha upya hupima kilichoandikwa au kilichosemwa, wala hawezi kukisia ungeandika nini kama kungekuwa kimya. Malalamiko ya aina hiyo hupaswa kutolewa kwa msimamizi siku ile ile, kabla hujaondoka kituoni, na aliyenyamaza akisubiri kuona alama kwanza amejinyima hoja yake kuu.

Sasa kalenda. Majibu ya EOR yanaweza kuja baada ya siku chache au yakachukua hadi siku 21. Wakati huo huo upo utaratibu mwingine ulio wazi kwa waliofanya mtihani kwa kompyuta, wa kurudia ustadi mmoja tu badala ya yote minne, nao lazima ufanyike ndani ya siku 60 tangu mtihani wa kwanza. Vikomo vyote viwili, wiki 6 za EOR na siku 60 za kurudia, vinahesabiwa kuanzia tarehe ya mtihani, na watu hawalioni hilo. Anayewasilisha EOR siku ya 7 na kujibiwa siku ya 28 bado ana mwezi mmoja wa kujiandaa na kurudia ustadi wake. Anayesitasita hadi siku ya 42, ambayo ndiyo ya mwisho, anaweza kujibiwa siku ya 63, wakati nafasi ya kurudia ustadi mmoja imekwisha kupita. Kwa hiyo jipe siku mbili au tatu za kutulia, wala usizidishe wiki. Kabla ya kuchagua njia ya kurudia ustadi mmoja, mwandikie anayepokea matokeo yako na upate jibu la maandishi kwamba anaukubali, kwa sababu si vyuo vyote wala mamlaka zote za uhamiaji zinazoukubali.

Ulizia pia kama sharti lenyewe lina njia nyingine. NMC, kwa mfano, huruhusu matokeo ya mitihani miwili iliyofanyika ndani ya miezi 12 kuunganishwa, mradi katika mitihani yote miwili Kusikiliza, Kusoma na Kuzungumza visishuke chini ya 6.5, na Kuandika kusishuke chini ya 6.0. Muuguzi mwenye 7.0 ya Kusikiliza, 6.5 ya Kusoma, 6.5 ya Kuandika na 7.5 ya Kuzungumza ana 7.0 ya jumla na amekwama kwenye Kusoma peke yake. EOR ya Kusoma ina matumaini madogo sana kwake. Akifanya mtihani wote upya miezi mitatu baadaye na kupata 7.0 ya Kusoma bila kushuka chini ya viwango hivyo, matokeo ya kwanza yanabaki na kazi. Vyuo vingi vya Uingereza vina kozi ya Kiingereza ya kabla ya masomo kwa aliyepungukiwa nusu bendi, na vingi hupokea mitihani mingine ya lugha; barua moja kwa ofisi ya udahili inaweza kuondoa haja ya kugombana na alama.

Ukiamua kuomba, wasiliana na kituo ulikofanyia mtihani au tumia akaunti uliyojiandikishia, taja ustadi au stadi unazotaka zipitiwe, lipa, na utunze risiti. Usiandike maelezo marefu ya maisha yako, kwani hayamfikii anayesahihisha wala hayahesabiwi. Usitarajie kurudishiwa insha yenye masahihisho. EOR huleta alama, haileti maelezo. Na akitokea dalali anayesema ana mtu wa ndani wa kubadilisha bendi, fahamu kwamba chuo hukagua namba ya cheti kwenye mfumo wa wenye mtihani, na karatasi iliyochezewa hugunduliwa kwa dakika chache.

Siku hiyo hiyo unayolipia EOR, mwandikie ofisa udahili kwamba umeomba matokeo yapitiwe upya, mtajie tarehe ya mwisho unayotarajia jibu, na uulize kama nafasi yako inaweza kusubiri hadi hapo. Kama jibu ni hapana, usiisubiri EOR: jiandikishe kwa mtihani unaofuata, na uendelee kufanya mazoezi ya Kuandika kana kwamba hakuna ombi lolote lililotumwa. Bendi ikipanda, utapewa cheti kipya na hicho ndicho utakachopeleka chuoni.