Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kutua Kwenye Kiwanja Kidogo cha Ndege: Mwongozo kwa Rubani wa Ndege Binafsi

Viwanja vingi vidogo vya ndege havimpokei mgeni anayejitokeza angani bila taarifa. Ukifungua kitabu cha taarifa za usafiri wa anga cha nchi husika, ambacho marubani hukiita AIP, utakuta kwenye ukurasa wa kiwanja herufi tatu, PPR, zinazokueleza kwamba sharti upate ruhusa ya wasimamizi wa kiwanja kabla ya kuondoka kwako. Rubani aliyezoea viwanja vikubwa huweza kuiona ruhusa hiyo kuwa urasimu mtupu, akaandika mstari mmoja na kungoja jibu, na hapo ndipo maombi mengi yanapoharibika. Kiwanja kidogo kina watu wachache. Mara nyingi anayepokea simu ndiye anayeikagua njia ya kurukia asubuhi, ndiye anayejaza mafuta, na ndiye anayekuandikia risiti. Ombi lako ndilo linalomwezesha kupanga siku yake, na ombi zuri ni lile analoweza kulijibu mara moja bila kurudi kwako na maswali.

Hatua ya kwanza: kisome kiwanja kabla ya kuandika neno

Sehemu ya tatu ya AIP, yaani AD, ndiyo inayohusu viwanja, na humo kila kiwanja kimeelezwa kwa herufi zake nne za utambulisho wa kimataifa, saa za kazi, urefu na aina ya njia ya kurukia, mwinuko kutoka usawa wa bahari, mafuta yanayopatikana, kiwango cha huduma ya zimamoto, masafa ya redio na kanuni za mahali hapo. Usitegemee nakala uliyoihifadhi mwaka jana. Mabadiliko makubwa ya taarifa hizi hutolewa kwa tarehe maalumu za kimataifa zinazofuatana kila baada ya siku 28, na yale ya ghafla au ya muda mfupi hutangazwa kwa NOTAM, yaani tangazo fupi kwa marubani, kama vile njia iliyofungwa kwa ukarabati, nyasi zilizolowa au pampu ya mafuta iliyoharibika. Soma vyote viwili, na usome kanuni za mahali hapo hadi mwisho, kwa kuwa humo ndimo huandikwa kwamba kiwanja hakipokei ndege zisizo na redio, au kwamba kijiji fulani hakiruhusiwi kupitiwa kwa chini, au kwamba mgeni wa mara ya kwanza lazima apige simu hata kama ameshaandika barua pepe.

Kisha fanya hesabu ya umbali, na ninasisitiza uanze na kupaa kabla ya kutua. Ndege nyingi ndogo hutua katika njia fupi kuliko ile zinayoihitaji kupaa, hasa zikiwa zimejaa watu na mafuta, na rubani aliyehesabu kutua peke yake huweza kujikuta salama ndani ya kiwanja asichoweza kutoka. Tumia majedwali ya kitabu cha ndege yako mwenyewe, kwa joto la saa utakayoondoka, maana asubuhi unapofika hewa ni baridi na mchana unapoondoka imekuwa nyepesi. Kwa makadirio ya kawaida ya ndege ndogo, joto likiongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, au mwinuko wa kiwanja ukiongezeka kwa futi 1,000, umbali wa kupaa hurefuka kwa asilimia 10 hivi, na nyasi huongeza zaidi. Hesabu ikionyesha kwamba nafasi inayobaki ni ndogo, punguza uzito au chagua kiwanja kingine, na usiliandike ombi hilo.

Hatua ya pili: kama unavuka mpaka

Jambo hili ni fupi, lakini linatangulia mengine yote. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kimataifa, unaiwezesha nchi kudai kwamba ndege inayotoka nje itue kwanza kwenye kiwanja chenye forodha. Viwanja vingi vidogo havina forodha wala uhamiaji wa kudumu. Baadhi huwaita maofisa kwa miadi, ikiwa ombi limefika mapema kwa muda uliotajwa kwenye AIP, na vingine haviwaiti kabisa, hivyo itakulazimu upitie kiwanja kikubwa ukamilishe taratibu na ndipo uendelee. Kibali cha wasimamizi wa kiwanja hakichukui nafasi ya kibali cha forodha, hata pale karatasi zote mbili zinapopitia mikononi mwa mtu mmoja.

Hatua ya tatu: kusanya nyaraka

Mkataba huohuo, katika kifungu cha 29, unataja nyaraka ambazo ndege iliyo katika safari ya kimataifa lazima izibebe: cheti cha usajili, cheti cha kuthibitisha kwamba ndege inafaa kuruka, leseni ya rubani na ya kila mfanyakazi mwingine anayeiendesha ndege, kitabu cha kumbukumbu za safari, leseni ya redio ikiwa ndege ina redio, na orodha ya majina ya abiria pamoja na mahali walikopandia na wanakokwenda. Hata kwa safari ya ndani ya nchi, ziweke nyaraka hizi pamoja na cheti cha bima katika jalada moja. Viwanja vingi huomba nakala ya bima kabla ya kutoa kibali, na cheti cha bima hutaja tarehe ya mwisho pamoja na kiwango cha fidia kwa mtu wa tatu. Angalia vyote viwili wewe kwanza.

Hatua ya nne: andika ombi

Kiwanja chenye fomu, jaza fomu yake. Kisicho na fomu, andika barua pepe, na andika kwa ukamilifu kana kwamba anayeisoma hatakuwa na nafasi ya kukupigia. Mfano wa ombi linalojitosheleza ni huu, ambamo UTC ni saa ya kimataifa iliyo moja kwa nchi zote, C172 ni ndege ya Cessna 172, na VFR ni kanuni za kuruka kwa kuona kwa macho:

"Naomba kibali cha kutua kiwanjani kwenu tarehe 14 Machi. Natazamia kufika saa 0730 UTC na kuondoka saa 1200 UTC siku hiyohiyo. Ndege ni C172, usajili ……, rangi nyeupe yenye mistari ya buluu, uzito wa juu wa kupaa kilo 1,157, upana wa mabawa mita 11. Natoka …… na nitarudi hukohuko. Tutakuwa watu 3, yaani mimi rubani na abiria 2. Safari ni ya binafsi, ya mchana, kwa kanuni za VFR. Naomba lita 60 za petroli ya ndege, 100LL, na nafasi ya kuegesha yenye kamba za kufungia ndege. Sijawahi kutua kwenu. Nimesoma taarifa na kanuni za kiwanja, na ningependa mnieleze jambo lolote la kuzingatia katika mzunguko wa kutua. Bima inaisha tarehe ……, nakala nimeiambatanisha. Simu yangu ni ……, nitapatikana hadi saa 0600 UTC siku ya safari."

Kila sentensi hapo ina mtu anayeihitaji. Uzito wa juu wa kupaa ndio hutumika kukokotoa ada ya kutua katika viwanja vingi, kwa hiyo andika ule ulio kwenye hati za ndege, si uzito utakaokuwa nao siku hiyo. Upana wa mabawa humwambia mpangaji wa maegesho akuweke wapi. Urefu wa ndege nao huhusiana na zimamoto: ndege yenye urefu wa chini ya mita 9, kama C172 yenye mita 8.28, huangukia daraja la 1, lakini ndege ndefu zaidi huhitaji daraja la juu ambalo huenda halipo siku za mapumziko. Kukiri kwamba ni mara yako ya kwanza hakukushushii hadhi. Ndiko kunakokupatia maelezo ambayo hayamo katika kitabu, kwa mfano kwamba upepo wa alasiri huvuruga hewa karibu na miti iliyo mwisho wa njia.

Sentensi ya mafuta usiisahau kamwe. Niliwahi kupewa kibali bila shida, nikatua ndani ya saa zilizotangazwa, nikakuta mwenye ufunguo wa pampu ameshaondoka kwa kuwa hakuna ndege iliyokuwa imeomba mafuta siku hiyo. Sikuwa nimeandika. Nililala hapo, na abiria wangu nao wakalala, kwa sababu ya mstari mmoja niliouacha.

Kuhusu saa, sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Saa nne asubuhi ya mazungumzo yetu huandikwa 1000 kwa saa za mahali, na hiyo bado haijawa UTC hadi utoe au uongeze tofauti ya nchi unakokwenda. Ukipanga kwa simu na mtu anayesema Kiswahili kisha ukathibitisha kwa maandishi, taja saa kwa UTC na umwombe airudie. Kosa la saa sita hutokea kirahisi kuliko kosa la dakika kumi.

Hatua ya tano: pokea jibu na ulielewe

Kimya si kibali. Usipojibiwa, piga simu, na ukiruhusiwa kwa mdomo, andika jina la aliyekuruhusu na saa aliyokuruhusu. Viwanja vingine hutoa namba ya kibali. Iandike kwenye karatasi yako ya safari, kwa sababu unaweza kuulizwa redioni. Elewa pia kibali hiki kinafika wapi. Kinasema kwamba kiwanja kinakutarajia na kinakubali kukuhudumia. Hakisemi kwamba njia ni tupu dakika utakapofika, wala kwamba hali ya hewa inafaa, na hakikulazimishi kwenda. Mbingu zikiziba, ahirisha na uwajulishe. Mtu aliyeghairi kwa simu hupokelewa vizuri wiki inayofuata.

Hatua ya sita: wasilisha mpango wa safari

Kibali ni kati yako na kiwanja, ilhali mpango wa safari ni kati yako na huduma za anga, na kimoja hakitoshi badala ya kingine pale vyote vinapotakiwa. Katika fomu ya kimataifa, kipengele cha 8 hutaja kanuni za safari na aina yake, ambapo V ni VFR na G ni safari za ndege zisizo za kibiashara. Kipengele cha 16 hubeba kiwanja cha mwisho, muda wote wa safari na kiwanja mbadala. Kiwanja kisicho na herufi nne za utambulisho huandikwa ZZZZ, na jina lake hutajwa katika kipengele cha 18. Kipengele cha 19 ndicho ninachokisihi kijazwe kwa ukweli, kwa kuwa kwa kawaida hakitumwi pamoja na mpango bali hubaki pale ulipouwasilisha, na wa kwanza kukiulizia ni mtu anayeanza kukutafuta: mafuta yanatosha saa ngapi, mko wangapi, ndege ina rangi gani. Pale huduma ya kuongozwa inapohitajika, uwasilishe angalau dakika 60 kabla ya kuondoka. Ukichelewa kuondoka kwa saa moja katika safari isiyoongozwa, au kwa dakika 30 katika ile inayoongozwa, urekebishe.

Weka mafuta ya kufika na ya akiba ya dakika 30 kwa VFR ya mchana, au dakika 45 usiku, na hicho ni kima cha chini cha kimataifa. Kwa kiwanja ambacho pampu yake inategemea mtu mmoja, mimi hubeba ya kunifikisha pia kwenye kiwanja mbadala chenye mafuta, hata kama sheria hainidai.

Hatua ya saba: siku ya safari

Soma NOTAM upya asubuhi. Ukikaribia, kitafute kiwanja redioni mapema, utaje usajili, aina ya ndege, mahali ulipo, urefu wa kuruka na namba ya kibali. Tambua unazungumza na nani. Mwongoza ndege mnarani hutoa ruhusa, lakini katika viwanja vingi vidogo anayejibu ni mtoa taarifa tu, anayekueleza upepo na ndege nyingine zinazojulikana, na uamuzi wa kutua ni wako. Pengine hajibu mtu yeyote. Hapo tangaza nafasi yako kila unapogeuka katika mzunguko, na utazame mfuko wa upepo kwa macho yako kabla ya kuchagua njia.

Wakati wa kujaza mafuta, simama kando ya bawa. Petroli ya 100LL ina rangi ya buluu, na Jet A-1, mafuta ya injini za jeti, haina rangi au ina umanjano hafifu. Mafuta yakishatulia, toa kiasi kidogo kwa kikombe cha sampuli, ukiinue kwenye mwanga, uangalie ile buluu, na uangalie kama kuna tone la maji linaloviringika chini. Lipa ada ya kutua na ya maegesho kabla ya kwenda mjini, chukua risiti, na uulize saa ambayo ofisi inafungwa.

Na kabla ya hata kufunga milango ya ndege, funga mpango wa safari. Penye mnara hufungwa na waongozaji, lakini pasipo na huduma hiyo jukumu ni lako, kwa simu au kwa njia iliyoandikwa kwenye AIP. Usipofika ndani ya dakika 30 baada ya muda uliokadiriwa, huduma za anga huanza hatua ya mashaka, iitwayo INCERFA, na maswali huanza kupigwa kwa simu kiwanja hadi kiwanja; ikiendelea huwa ALERFA, kisha DETRESFA, na hapo watu huondoka kwenda kukutafuta. Mimi huiandika namba ya simu hiyo juu kabisa ya karatasi ya safari, kwa kalamu nyekundu, na huipiga nikiwa bado nimesimama karibu na rafadha inayopoa.