Ushauri nasaha kwa simu: panga faragha kwanza

Ukihudumia familia ya mraibu kwa simu, kinachoweza kukwamisha si mtandao tu, ni masikio ya waliomo nyumbani pia. Mwambie ndugu avae spika za masikioni, afiche ujumbe usisomeke simu ikiwa imefungwa, na abadilishe namba ya siri (mraibu huenda anaijua). Kila kikao anza na swali la ndiyo au hapana: "Uko peke yako?" Kisha andika mahali alipo, maana ikitokea dharura utamwitia msaada wapi? Kubalianeni neno la kawaida, mfano "risiti", likimaanisha "mtu ameingia, tukate". Baada ya hapo ndugu huyo ndiye apige tena. Ukipiga wewe unaweza kuzua ugomvi. Video ikikwama, baki na sauti.