Somo: Jinsi ya kutembea Posta na mwenzi wako kwa siku moja, kwa miguu

Wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam tunaijua Posta, katikati ya jiji, kwa shughuli tu: benki, vibali, foleni, kisha haraka turudi nyumbani. Siku ya kutoka na mwenzi ikifika, tunakimbilia Coco Beach au Mlimani City. Mimi na mume wangu tunaipenda Posta kuliko huko kote, na inaniuma kuona watu wamezaliwa Temeke au Kinondoni, wameoana, wamezaa, na hawajawahi kusimama mbele ya Boma la Kale wakalitazama. Njia ninayoielekeza inaanzia Feri, penye soko la samaki na kivuko, inafuata maji, inapanda Mtaa wa Samora, inapumzika Makumbusho ya Taifa, kisha inarudi Feri kuvuka kwenda Kigamboni jioni.

Hatua ya kwanza: siku na mavazi

Chagueni Jumamosi. Siku za kazi magari ni mengi na hamtasikilizana. Jumapili maduka mengi yamefungwa na makanisani kuna ibada, hivyo hamtaweza kuingia na kutazama kwa utulivu. Kwa hali ya hewa, Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri, jua halichomi sana na upepo wa baharini unasaidia.

Vaeni viatu vilivyokwishazoea miguu yenu. Dada zangu, weka kanga moja kwenye mkoba: utajifunika ukiingia kanisani, utaitandika mkikaa bustanini, utajitanda upepo wa jioni ukianza. Bebeni vitambulisho vya NIDA, maana Makumbusho wananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni. Na mgawane kazi tangu nyumbani: mmoja ashike hela, mwingine aongoze njia. Mabishano mengi ya matembezini huanzia hapo.

Hatua ya pili: Feri, saa moja asubuhi

Pandeni basi la mwendokasi mpaka kituo cha mwisho, Kivukoni, mteremke hapo hapo Feri. Ingieni soko la samaki wakati mnada bado umechangamka. Sakafu imelowa na inateleza, shikaneni mikono. Simameni kando, msiwazibie njia wabeba ndoo, mtazame dalali anavyofanya kazi: anainua kolekole kwa mkia, anataja bei, wachuuzi wanapandisha kwa kidole au kwa kutikisa kichwa tu, na kabla hujajua nani kashinda, samaki keshatupwa kwenye ndoo ya mwenye mali. Pembeni kuna changu, jodari, vibua, ngisi, na pweza waliorundikwa.

Kifungua kinywa chenu kiko hapo hapo: supu ya pweza yenye ndimu na pilipili, au samaki wa kukaanga aliyetoka kwenye karai sasa hivi. Msinunue samaki mbichi asubuhi, hata kama bei inavutia. Mtambeba siku nzima na jua lile.

Hatua ya tatu: kufuata maji mpaka Boma la Kale

Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote, msikipite mbio. Kutoka Feri fuateni barabara ya Kivukoni, bandari ikiwa mkono wenu wa kushoto. Tazameni mlango wa bandari ulivyo mwembamba na meli kubwa zinavyopita karibu kabisa na watu.

Mkono wa kulia mtafika Azania Front, kanisa la Walutheri lenye vigae vyekundu na mnara wake. Wamisionari wa Kijerumani walianza kulijenga mwaka 1898. Mbele kidogo kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph, la Wakatoliki, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Kama hakuna misa, ingieni kimya, mkae kwenye benchi la nyuma mtazame vioo vya rangi vilivyo nyuma ya altare. Mume wangu ni Mwislamu na alikaa pale muda mrefu kuliko mimi.

Endeleeni mpaka Boma la Kale, usawa wa kituo cha boti za Zanzibar. Hapa simameni. Jengo hili la mawe ya matumbawe lilijengwa miaka ya 1860 na Seyyid Majid bin Said, sultani wa Zanzibar, alipotaka kugeuza kijiji cha Mzizima kuwa mji wa bandari. Alifariki mwaka 1870 kazi haijafika mbali. Wajerumani wakafika baadaye, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Gusa ukuta, uone unene wake. Tazama mlango wa nakshi, uufananishe na ile ya Unguja.

Jirani yake kuna nyumba nyingine ya enzi za Majid, inaitwa Nyumba ya Atiman, mali ya mapadri wa White Fathers. Adrien Atiman alizaliwa huko ambako leo ni Mali, akatekwa utotoni akauzwa utumwani, wamisionari wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, kisha akaja kutibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mpaka alipofariki mwaka 1956. Msimulie mwenzi wako habari zake mkiwa mmesimama mbele ya nyumba hiyo. Mtu huyo anastahili kukumbukwa na Watanzania kuliko tunavyomkumbuka.

Hatua ya nne: Askari

Pandeni juu mpaka Mtaa wa Samora. Upande wa kushoto, mwisho kabisa, kuna Mnara wa Saa, uliowekwa 1961 Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Ninyi geukeni kulia, mpite chini ya baraza za maduka ya zamani mpaka kwenye mzunguko wa sanamu ya Askari.

Kila mtu anasema "tukutane Askari", wachache wanavuka kwenda kusoma. Vukeni kwa uangalifu. Sanamu hiyo ya shaba ilizinduliwa 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na wapagazi waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wakiuawa na njaa na magonjwa porini kuliko risasi. Maandishi yake yako kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa herufi za Kiarabu. Mmoja asome kwa sauti. Kabla yake, hapo palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji 1916 waliiondoa. Baadaye ikasimamishwa Hamburg, na huko nako wanafunzi wakaiangusha miaka ya 1960.

Hatua ya tano: chakula, kivuli, Makumbusho

Saa sita jua likiwa utosini msiendelee kujitesa. Kuleni. Mitaa ya Kisutu na Jamhuri ina vyakula vya Kihindi, mishkaki na kuku wa mkaa; mama ntilie wa vichochoroni wana wali maharage na samaki wa nazi. Chagueni palipojaa watu wa ofisini, hao wanajua.

Mkishiba, rudini Samora mwelekee mashariki mpaka Bustani ya Mimea. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mazao ya biashara. Sasa imebaki ndogo, lakini miti ni mikubwa na tausi wanatembea humo kama wenyeji. Tandikeni kanga, mpumzike nusu saa.

Makumbusho ya Taifa iko hapo jirani, Mtaa wa Shaaban Robert. Ilifunguliwa kwa wananchi mwaka 1940. Ndiyo inayotunza fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolivumbua Mary Leakey bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75. Kuna vitu vilivyochimbwa Kilwa, vikiwemo vyombo vya kauri vilivyotoka China wakati Kilwa ilipokuwa tajiri. Kuna magari waliyotumia viongozi wetu. Na kuna kumbukumbu ya shambulio la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998. Msijaribu kuona vyote. Kila mmoja achague chumba kimoja amwongoze mwenzake, amweleze kwa nini amekichagua. Mtajuana upya.

Angalizo: ukimwambia bodaboda au kondakta "Makumbusho" tu, utajikuta Kijitonyama, kwenye stendi ya daladala. Sema "Makumbusho ya Taifa, Posta".

Hatua ya sita: kuvuka jioni

Saa kumi shukeni tena Feri mpande pantoni. Kuvuka ni dakika chache tu. Ng'ambo, tafuteni pa kukaa karibu na maji, mnunue madafu au mihogo ya kukaanga, mtazame jua likizama nyuma ya maghorofa. Njia yote mliyopita asubuhi mtaiona kwa mara moja: mnara wa Azania, ule wa Mtakatifu Joseph, na meli zikisubiri. Kurudi baada ya magharibi ni rahisi, kwa kuwa msongamano wa jioni unakuja Kigamboni, ninyi mnaenda mjini.

Maswali ya wanachama

*Swali: Dada, asante kwa somo. Sisi tuko Morogoro. Inawezekana kuja asubuhi na kurudi jioni?*

Inawezekana sana tangu treni ya SGR ianze 2024. Kateni tiketi za kwenda na kurudi mapema, za Jumamosi huisha. Mkishuka Stesheni mko tayari mjini, kwa hiyo geuzeni njia: anzeni na Boma la Kale, makanisa, Askari, halafu Makumbusho. Soko la samaki asubuhi mtalikosa, na Kigamboni muiache msije mkaachwa na treni.

*Swali: Mkuu, nina elfu hamsini tu kwa wote wawili. Itatosha au nijipange mwezi ujao?*

Itatosha kaka, usiahirishe. Soko, makanisa, Askari na kutembea ufukweni hakulipiwi. Utalipa mwendokasi, kiingilio cha Makumbusho, pantoni na chakula. Kuleni kwa mama ntilie mchana, na chenji itabaki ya kumnunulia doti ya kanga Mtaa wa Uhuru. Mwache achague mwenyewe, na wewe usome jina la kanga kabla hujalipa.

*Swali: Kupiga picha vipi? Rafiki yangu alisumbuliwa.*

Ikulu iko karibu na njia hii, usielekeze kamera wala simu huko. Vilevile askari, geti za bandari na benki. Ukitaka kupiga picha meli, pigia kwenye barabara ya wazi, si getini. Sokoni omba ruhusa kwanza. Mama anayekaanga samaki ukimnunulia na kumsalimu, mwenyewe atatabasamu. Ukimvizia, atakusema mbele ya watu, na ana haki.

*Swali: Salaam aleikum. Mimi na mume wangu twatoka Mombasa, twaja likizo. Adhuhuri twaswali wapi? Na mtu na mkewe kushikana mikono njiani yafaa huko?*

Waaleikum salaam, karibuni Dar. Msikiti wa Kitumbini uko katikati ya mji, si mbali na mnapotoka Samora kwenda kula, na mitaa ile ina misikiti mingine pia. Mkiwa na mashaka muulizeni mwenye duka yeyote. Kushikana mikono hakuna atakayewatazama mara mbili. Zaidi ya hapo, iwekeni akiba ya chumbani.

*Swali: Mke wangu ana ujauzito wa miezi saba na anatamani sana kutoka. Njia yote hii ataiweza?*

Yote hapana, usimlazimishe. Anzeni saa tatu kwenye Bustani ya Mimea, kisha Makumbusho, ambako kuna kivuli na pa kukaa. Sokoni msiende, sakafu inateleza na harufu itamsumbua. Chukueni gari mpaka mbele ya Azania Front, mkae upande wa maji dakika kumi. Awe na maji ya kunywa muda wote, na ulizeni choo kiko wapi kila mnapoingia.

*Swali: Tumepanga Aprili, ndiyo likizo yetu pekee. Mvua je?*

Aprili ni masika. Mkitokea Magomeni au Kimara, kumbukeni Jangwani hufurika na mwendokasi husitishwa, basi sikilizeni taarifa asubuhi kabla hamjatoka. Mvua ikianza mkiwa mjini, ingieni Makumbusho kwanza, na ufukwe uwe baadaye ikikatika. Ikiwa bahari imechafuka, ahirisheni pantoni, mle chakula cha jioni Kisutu.